Kibarua cha mkonge, mkataba wa mradi au miaka miwili Uarabuni? Ulinganisho kwa anayetaka kubeba begi

Nina steshenari ndogo huku Ngamiani, Tanga mjini, fotokopi moja na kompyuta moja, kazi yangu ni kuchapa barua za maombi na kupiga kopi za vitambulisho, ila miaka hii mitatu minne nimejikuta nasomea watu mikataba. Mtu kashuka stendi ya Kange asubuhi na begi lake, kaambiwa kuna shamba linachukua wakata mkonge, mwingine kapigiwa simu na rafiki yake kwamba mradi unataka vibarua wa kuchomelea na kubeba mabomba, mwingine ni binti ana karatasi kurasa tano, upande Kiarabu upande Kiingereza, anasema dada nisomee hapa, nasafiri Alhamisi. Na leo Jumanne!

Wote wanauliza swali moja, dada kipi bora. Mimi sio wakili na sijifanyi wakili, lakini sheria nimeisoma na nimekaa na watu wa chama cha wafanyakazi nikawauliza mpaka wakanichoka, na nilichogundua ni kwamba swali lile halijibiki hivyo lilivyo. Kibarua cha mkonge kinamfaa mtu ambaye Uarabuni ingemmaliza, na yule wa Uarabuni angekaa miaka mitano kwenye mkonge asingepata hela ya bati. Kwa hiyo nimeona niziweke hizi njia tatu sawa sawa, kwa vigezo vile vile, uchague mwenyewe.

Halafu nina sababu yangu. Babu mzaa baba alikuja Tanga kutoka Kigoma kama manamba. Waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta watu, wenyewe waliita SILABU, ikawa inakusanya vijana wa mbali na kuwaleta huku kwa treni na malori. Walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, siku uliyofanya inawekwa alama, usiyofanya haipo. Babu hakurudi Kigoma. Sio kwamba hakutaka, nauli ya kurudi haikuwahi kutosha, mwisho akaoa hapa hapa akazikwa hapa hapa. Ndio maana mimi mtu akiniletea mkataba naanza kuusoma kutoka mwisho, pale kwenye kutoka na kurudi, ndipo nageuza kuangalia mshahara.

VIGEZO

Natumia sita. Kwanza karatasi yenyewe, ipo haipo na inasema nini. Pili hela. Tatu saa za kazi na mapumziko. Nne ukiumwa au ukiumia. Tano kutoka, yaani notisi na nani analipa nauli ya kukurudisha kwenu. Sita ukidhulumiwa unalalamika wapi.

Kabla ya kuendelea shika neno moja: MAHALI ULIPOAJIRIWA. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi siku unapoanza, na kati ya hayo maelezo kuna mahali ulipoajiriwa, ni kitu tofauti na mahali pa kazi. Watu wanaruka huo mstari kama vile ni anuani tu. Sio anuani. Sheria hiyo hiyo inasema mkataba ukikatikia mahali ambapo sipo ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako mpaka ulipoajiriwa, au akulipe gharama ya usafiri, na siku unazokaa unasubiri usafiri akulipe posho ya kujikimu. Sasa mwajiri au wakala wake akikufuata Kasulu akakuchukua kazini, nauli ya kurudi Kasulu ni juu yake. Ukija mwenyewe kwa basi ukasaini Tanga, umeajiriwa Tanga, Kasulu utajua mwenyewe. Tofauti ni mwajiri alikupatia wapi, na karatasi uliyosaini imeandika wapi.

Mdogo wangu wa kiume alichukuliwa hapa hapa Tanga, wakapandishwa kwenye basi la kampuni wenyewe wakiimba, karatasi wakasainishwa wiki mbili baadaye wakiwa porini mkoa mwingine kabisa. Kazi ilipoisha wakaambiwa ninyi mmeajiriwa hapa hapa, karatasi inasema. Alirudi kwa lifti za malori, siku nne, na mguu umevimba.

NJIA YA KWANZA: KIBARUA CHA SHAMBANI, MKONGE NA KAZI NYINGINE ZA MSIMU

Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf, mpaka leo ukienda njia ya Muheza na Korogwe unaona mistari ya mkonge inakimbia dirishani, na korona, zile mashine za mkonge, zinasaga. Kukata kunahitaji watu, na wenyeji wengi hawapendi ile kazi, miiba inachoma na jua halina huruma, kwa hiyo bado wanatoka mbali kama zamani. Humu naweka pia wachuma machungwa, wa mashamba ya chai kule Usambara, na deiwaka wote wa kutwa.

Karatasi. Hapa ndipo pana shida kubwa, wengi hawapewi kitu. Nyapara anakuandika jina daftarini basi. Ila sheria haisemi kibarua hana mkataba, inasema maelezo ya maandishi ni haki ya mfanyakazi yeyote isipokuwa yule anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri huyo. Ukifanya siku 20 unastahili karatasi. Na hii naipenda sana, mkifika kwenye kesi mwajiri akashindwa kutoa hiyo karatasi, kazi ya kuthibitisha au kupinga kile unachodai mlikubaliana inakuwa juu yake, sio juu yako. Wewe kaa na ushahidi wako mdogo mdogo, picha ya daftari, meseji za malipo kwenye simu, majina ya mliokuwa nao kwenye zamu.

Hela. Unalipwa kwa siku au kwa kipimo cha ulichokata. Kima cha chini kipo kwa kila sekta, amri ya mishahara ya 2022 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kilimo kuanzia Januari 2023, na vima vya sekta binafsi vimetangazwa kupanda tena kuanzia Januari 2026, kwa hiyo ulizia afisa kazi wa mkoa kiwango cha sasa hivi kabla hujakubali bei. Uzuri wa kibarua ni kwamba hela inaonekana haraka. Ubaya ni kwamba siku ya mvua kubwa au korona ikiharibika hakuna hela, wala hakuna wa kumuuliza.

Saa. Mwisho ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku 6, zikizidi ni ovataimu, mara moja na nusu ya kawaida. Wanaolipwa kwa kipimo huwa hawahesabu saa, wanaanza alfajiri ili jua lisiwakute, wanatoka mchana, kwa kweli wengi wanapenda hivyo na siwalaumu.

Ukiumwa. Likizo ya malipo, ya mwaka na ya ugonjwa, kwa kawaida inaanza ukishafikisha miezi sita kazini. Lakini sheria imemtaja mfanyakazi wa msimu kwa jina kabisa kwamba anastahili likizo ya malipo, na yule anayerudi rudi kwa mwajiri mmoja ndani ya mwaka, jumla yake ikipita miezi sita, naye anastahili. Hilo hawatakwambia. Ukiumia kazini, mwiba wa mkonge ukiingia kwenye jicho (nimemwona mtu, Mungu anisamehe sitaki kukumbuka), kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, anachangia mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata shilingi. Akikuambia kibarua hahusiki na WCF anakudanganya.

Kutoka. Rahisi kuliko zote. Ukilipwa kwa siku au kwa wiki notisi ni siku 4, isipokuwa mwezi wa kwanza ambapo ni 7. Nauli ya kurudi ni kama nilivyosema, inategemea uliajiriwa wapi, na kibarua aliyejileta mwenyewe hana nauli. Halafu jua kwamba ulinzi wa kuachishwa kazi bila haki unaanza ukifikisha miezi sita kwa mwajiri huyo, uwe kwenye mkataba mmoja au mingi. Hayo maneno ya mwisho yashike, tutayarudia.

Kulalamika. Mtandao wa simu unao, lugha unayo, ofisi zipo mjini. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ipo Tanga, hulipii kufungua shauri, ukiachishwa kazi una siku 30, madai mengine kama mishahara una siku 60. Watu wa mashambani chama chao ni TPAWU. Hii ndio nguvu ya njia hii, mlalamikaji na mlalamikiwa wako mji mmoja.

Inamfaa nani: mwenye shamba lake kwao anayetaka hela ya kati ya misimu, anayetaka kuondoka muda wowote, mwenye mgonjwa nyumbani asiyeweza kufungwa na tarehe.

NJIA YA PILI: MKATABA WA MRADI

Tanga imechangamka, hilo kila mtu analiona. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linaishia pale Chongoleani, na zaidi ya kilomita 1,100 ya hizo ziko Tanzania. Bandari imechimbwa na gati kuongezwa meli zinafunga sasa, zamani zilikuwa zinasimama mbali mzigo unafuatwa kwa tishari. Kazi za namna hii zina mwanzo na mwisho, na wanaofanya wanatoka kila mkoa, wengine Uganda na Kenya.

Karatasi. Hapa karatasi ipo, tena ndefu. Swali lako la kwanza ni mkataba wa aina gani. Sheria inajua aina tatu: usio na ukomo, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Wa muda maalumu ulikuwa wa wataalamu na mameneja tu, marekebisho ya 2025 yakapanua mpaka kazi za msimu na miradi yenye ukomo. Wa kazi maalumu unaisha kazi ikiisha, sio tarehe ikifika, kwa hiyo soma kazi imeelezwaje, wakiandika "shughuli za mradi" peke yake hujui inaisha lini. Lugha nayo: kama hukielewi Kiingereza mwajiri anatakiwa ahakikishe umeelezwa kwa namna unayoielewa. Omba, usione aibu. Aibu ya dakika tano pale mezani kuliko ya miezi sita.

Halafu angalia jina la mwajiri. Mtu anasema nafanya kazi mradi fulani mkubwa, ukisoma mkataba mwajiri ni kampuni ndogo ya tatu kutoka juu, ofisi yake chumba kimoja. Huyo mdogo ndiye unayemdai, sio yule mwenye bango kubwa barabarani, kwa hiyo mjue anakaa wapi kabla hujaanza.

Hela. Nzuri kuliko kibarua, inakuja kila mwezi, benki. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla ni asilimia 20 ya mshahara na wewe huwezi kukatwa zaidi ya 10, nyingine ni ya mwajiri, sasa usisubiri mradi uishe ndio uulize, kila miezi miwili angalia michango inaingia, maana nimechapa barua nyingi sana za watu waliokatwa kila mwezi na kule hakuna kitu. Uliza pia chakula na malazi ya kambini vimo kwenye mshahara au vinakatwa.

Saa. Hapa kuwa macho. Miradi inapenda zamu za saa 12. Inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, isizidi siku 5 kwa wiki na zile saa 45 zibaki pale pale, sasa wewe hesabu mwenyewe, saa 12 kwa siku 6 ni 72, na ovataimu mwisho wake ni saa 50 ndani ya wiki nne. Usiku una nyongeza ya asilimia 5, sikukuu ni mara mbili.

Ukiumwa. Ukipita miezi sita likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili, nusu ya pili nusu mshahara. Likizo ya mwaka siku 28. Uzazi siku 84, mapacha 100. WCF kama kawaida.

Kutoka. Mshahara wa mwezi, notisi siku 28. Ukiachishwa na mwajiri bila kosa lako na umeshamaliza miezi 12 mfululizo, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Mkataba ukiisha wenyewe tarehe yake ni habari nyingine, pale unategemea mlichoandika, kwa hiyo uliza kuna bonasi ya kumaliza au hakuna. Na ujanja wa miezi mitatu mitatu! Wanakupa mitatu, inaisha, wanakupa mingine mitatu, ili usifikishe sita. Lakini si nilikwambia shika yale maneno: mwajiri yule yule, mkataba mmoja au mingi. Inajumlishwa. Na kama walikupa sababu ya kutegemea utaongezewa, wakakuacha ghafla, kutokuongezewa huko nako kunaweza kuhesabika ni kuachishwa bila haki. Tunza kila mkataba ulioisha, usifungie maandazi.

Nauli ya kurudi, hapa ndipo njia hii inaposhinda kibarua, ila kwa aliyesaini kabla ya kupanda basi. Mdogo wangu angekuwa na karatasi inayosema "mahali pa kuajiriwa: Tanga" asingetembea na mguu ule.

Kulalamika. Ni CMA ile ile na afisa kazi, siku zile zile. Kizuizi ni umbali, kambi iko porini na siku 30 zinakwisha ukiwa bado unatafuta usafiri, basi hesabu kuanzia siku ile ile ya barua.

Inamfaa nani: mwenye ufundi kidogo na vyeti, anayetaka kujenga ndani ya mwaka mmoja au miwili, anayevumilia kambi. Haimfai anayetaka kujua mwaka kesho atakuwa wapi.

(Anayefikiria mahoteli ya Unguja: ile ni nchi yetu moja lakini sheria ya kazi ni nyingine, Zanzibar wana Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, hizi siku na namba nilizotaja ni za bara. Na ndugu zetu wanaoingia kwa Horohoro kutoka Kenya, bila kibali cha kazi chini ya sheria ya 2015 ya ajira za wageni mnajiweka pabaya, mwajiri anawashika kwa hofu hiyo hiyo.)

NJIA YA TATU: MIAKA MIWILI UARABUNI

Hapa nitakaa kidogo, maana wanaoniumiza roho ni hawa. Wengi ni mabinti, kazi za ndani, na pwani hii Oman ni kama kwa mjomba, kila mtaa una mtu aliyewahi kwenda Maskati. Wapo waliojenga, nawajua, nyumba naziona. Wapo waliorudi hawasemi kitu. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti baada ya kuongea na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Emirati, wakaeleza habari za pasipoti kuchukuliwa, saa nyingi mno, na mishahara iliyokatwa au isiyolipwa. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, nyumba na ripoti.

Karatasi. Kwanza nani anakupeleka. Wakala awe na leseni, na safari ipite TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, hao ndio wanaoutazama mkataba kabla hujaondoka. Anayekwambia utaenda kwa viza ya matembezi halafu utabadilishiwa kule, huyo usimpe hata kopi ya pasipoti. Tatizo la pili ni mikataba miwili, huku umesaini mshahara fulani, ukifika unapewa mwingine wa Kiarabu. Piga picha wa kwanza, kila ukurasa, mtumie mtu wa nyumbani kwa wasapu kabla hujafika uwanja wa ndege.

Hela. Shilingi ikibadilishwa inaonekana nyingi kuliko njia zote mbili, na unakula na kulala kwa mwajiri kwa hiyo matumizi madogo. Qatar tangu Machi 2021 ina kima cha chini kwa kila mfanyakazi hata wa ndani, riyali 1,000 kwa mwezi, na 500 ya malazi na 300 ya chakula kama hakupi. Oman, Saudia na Emirati hakuna kima cha kisheria kwa mgeni wa kazi za ndani, mshahara wako ni ule ulioandikwa, basi. Kwa hiyo namba kwenye karatasi ndiyo sheria yako. Kama umekopa au baba kauza shamba ili upelekwe, hesabu miezi ya kulipa deni kwanza, maana mwenye deni hawezi kuondoka hata akipigwa.

Saa. Sheria za huko sio moja na hii watu hawajui, wanasema Uarabuni kama vile ni nyumba moja. Qatar sheria ya wafanyakazi wa ndani ya 2017 inasema saa 10 kwa siku mwisho, siku moja ya kupumzika kwa wiki, likizo wiki tatu kwa mwaka. Emirati sheria ya 2022 inatoa siku moja kwa wiki na mapumziko saa 12 kwa siku, 8 ziwe mfululizo. Saudia kanuni mpya zilizoanza Oktoba 2024 nazo zimeweka saa 10 na siku ya kupumzika. Oman sheria kubwa ya kazi ya 2023 haikuwaingiza wafanyakazi wa ndani, wana kanuni zao pembeni, kwa hiyo binti wa ndani Maskati na kijana wa dukani Maskati hawasimami sehemu moja. Hilo binti alijue mapema. Tena siku ya kupumzika kwenye sheria, na wewe unalala ndani ya nyumba unayofanyia kazi, kuidai kunataka moyo.

Ukiumwa. Uliza bima ya afya nani analipa, iandikwe. Na WCF yetu haikufuati kule ukiajiriwa na mtu wa kule.

Kutoka. Ugumu wote uko hapa. Viza yako imefungwa kwa mwajiri, wenyewe wanaita kafala. Ukiondoka bila utaratibu anakuripoti umetoroka, unageuka wewe mkosaji. Imelegezwa: Qatar tangu 2020 unaweza kubadilisha mwajiri bila ruhusa yake ukitoa notisi, na mfanyakazi wa ndani anaweza kuondoka nchini akimtaarifu mwajiri saa 72 kabla. Oman tangu Januari 2021 mkataba ukiisha huhitaji tena ile barua ya kutokuwa na pingamizi. Saudia walilegeza Machi 2021 lakini wafanyakazi wa ndani hawakuwemo kwenye mpango ule. Pasipoti ni yako, Emirati sheria inasema wazi mwajiri asishike hati zako, ila watu wanashikiwa tu. Tiketi ya kurudi ni ya mwajiri ukimaliza mkataba, swali langu kwa kila binti ni ukikatiza katikati kwa sababu ya mateso nani analipa, na je kuna mstari unaosema utarudisha gharama za kuletwa? Ukiuona huo mstari usisaini, rudi kwa wakala mstari huo ufutwe.

Kulalamika. Ubalozi upo Maskati, Riyadh, Doha na Abu Dhabi, Dubai na Jeddah kuna konseli. Namba ziandike kwenye karatasi na uzikariri, simu inaweza kuchukuliwa. Lugha Kiarabu. Nyumbani, wakala mwenye leseni ndiye unayeweza kumfuata, asiye na leseni atabadilisha laini tu.

Inamfaa nani: asiye na deni la safari, asiye na mtoto mchanga, aliyefika umri na akili ya kusema hapana, mwenye ndugu wa kumpigia kila wiki, na mwenye lengo lililoandikwa, kiwanja, bati, mtaji, lenye tarehe.

KWA HIYO UFANYEJE

Kama una familia ya kula kesho na huna akiba kabisa, anza kibarua, hata mwezi, ukiwa pale pale unauliza ya mradi. Hela ya kibarua ndiyo itakupa nguvu ya kukataa mkataba mbaya.

Kama una cheti cha VETA au leseni ya mtambo, mradi, na usainie kwenu. Wakikuambia tutasainiana site, waombe hata barua ya kuitwa kazini yenye tarehe na jina la mji uliko, itumwe kwa wasapu. Hiyo ni ushahidi wa mahali ulipoajiriwa.

Kama ni mjamzito au unatarajia, Uarabuni iache kwanza. Kibarua nacho haki ya uzazi yenye malipo utaipata kwa kubishana. Mradi wenye zaidi ya miezi sita, siku zako 84 zipo kisheria.

Kama una deni la mtu linalokukosesha usingizi, najua unafikiria Oman. Nakusihi, deni lile la hapa ongeza na la safari halafu jiulize ukifika mwezi wa tatu hujalipwa itakuwaje. Kama lazima uende, basi kati ya nchi uzitazame Qatar na Emirati kwanza kwa kazi za ndani kwa sababu karatasi zao zinasema mengi zaidi, na kama ni kazi ya duka au hoteli, Oman haiko mbali nazo na kuna ndugu wengi wa karibu.

Kama ulishaanza kazi na huna karatasi yoyote, usigombane na nyapara leo. Anza daftari lako usiku huu, tarehe, saa ya kuingia na kutoka, hela uliyopokea, aliyekulipa.

Kama umeachishwa wiki iliyopita, acha kusoma hapa, hesabu siku zako 30 uende CMA, fomu ni F1 na nimeshaijaza na watu wengi, haitishi.

Na kama wewe ndiye wa Alhamisi na leo ni Jumanne, kesho asubuhi piga simu TaESA uulize leseni ya huyo wakala, jina lake kamili, halafu njoo na mkataba wote, na ule upande wa Kiarabu pia, pale msikiti wa jirani yupo mwalimu anaousoma vizuri na hatozi hela. Tiketi inasogezwa.